Dawa ya Moyo Aliyoipika Paka

Mtaani walimwita Paka kwa sababu kazi yake ilikuwa kuua panya. Mwanzoni lilikuwa jina la kumcheka, baadaye likazoeleka mpaka mwenyewe akawa analiitikia.

Alifanya kazi kwenye nyumba ya wanyama, nyuma ya chuo cha udaktari. Lilikuwa jengo refu la chini, lenye madirisha ya wavu na sakafu ya saruji iliyonuka dawa ya kuulia vijidudu. Ndani mlikuwa na rafu za chuma zilizopangwa vizimba vya plastiki, na ndani ya vizimba panya weupe wenye macho mekundu, wamelalia maranda ya mbao. Paka alibadilisha maranda, alijaza chupa za maji, alipima uzito. Alijua kumshika panya kwa ngozi ya shingo mpaka mdomo ukafunguka wenyewe, kisha akapitisha mrija mwembamba hadi tumboni bila kumkwaruza koo.

Utafiti ulikuwa wa Daktari, mwanamke mwembamba ambaye aliishi kwa chai na biskuti. Alikuwa akitafuta kinga ya moyo. Kuna dawa moja ya saratani, nyekundu kama sharubati, inayoua uvimbe lakini huweza pia kuulegeza moyo wa mgonjwa. Daktari alitaka kujua kama majani ya mti fulani wa vichakani yangeweza kuuzuia moyo usiharibike. Yalikaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye spiriti, yakachujwa, kisha spiriti ikafukizwa mpaka ikabaki kitu cheusi kinachonata kama lami. Panya wengine walidungwa dawa nyekundu peke yake. Wengine walinyweshwa kwanza ule weusi wa majani.

Mwisho wa yote waliuawa wote, waliokingwa na wasiokingwa, maana Daktari alihitaji kuishika mioyo yenyewe mkononi. Paka ndiye aliyewaua, na ndiye aliyeitoa mioyo na kuilaza kwenye sahani ya kioo. Ya wale wa dawa nyekundu ilikuwa imepanuka na kupauka. Ya wale wa majani ilikuwa bado imekaza.

"Kwa hiyo hawa walipona?" aliuliza siku moja.

"Walipona," Daktari akasema bila kuinua macho. "Iweke kwenye barafu."

Paka hakuwa na mume wala mtoto. Wazazi wake walifariki yeye akiwa msichana mdogo, na kaka yake, aliyemzidi kwa miaka mingi, akamchukua. Watu walimsifu sana kaka huyo kwa moyo wa huruma. Mkewe alipojifungua binti na kutaka kurudi kazini, kaka alimtoa Paka shuleni akae na mtoto. Hakumuuliza. Alirudi jioni moja na kumwambia kwamba sare zake amempa mtoto wa jirani.

Yule mtoto alikuwa na alama nyeusi ndogo juu ya mdomo, wakamwita Kidoti. Paka alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea. Alimtafunia chakula, alimkesha alipoumwa, alimfundisha kufunga viatu. Kidoti alipoanza kusema, neno la kwanza lilikuwa shangazi, na mama mtu akakasirika wiki nzima.

Akiwa bado kwenye nyumba hiyo, alitokea fundi wa kuchomelea vyuma aliyetaka kumuoa. Alikuja na mjomba wake, wamevaa vizuri, wakakaa sebuleni na kaka. Walipoondoka, fundi hakumtazama usoni, na hakurudi tena. Paka alijiuliza amemkosea nini. Miaka ilipita, kila mtu akawa na maisha yake, ndipo akakutana na fundi yule kwenye foleni ya maji. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto wake.

"Kile kifafa chako kilikwisha?" fundi akamuuliza kwa upole kabisa.

"Kifafa gani?"

Fundi akamtazama, kisha akaelewa, kisha akaangalia chini. "Kaka yako alituambia unaanguka," alisema. "Alisema hata moto huruhusiwi kuusogelea."

Paka alirudi nyumbani na ndoo yake. Alikuwa akipika kwenye moto wa kaka yake kila siku wakati maneno hayo yanasemwa.

Alipopata kazi ya panya, akahamia kwenye chumba chake mwenyewe. Kila alipoenda kwa kaka kusalimia, wifi yake alimtengea kikombe. Kilikuwa cha plastiki, rangi ya kahawia, chenye alama ya kuungua ukingoni, na hakikuoshwa pamoja na vingine. "Si kwa ubaya, wifi," alimwambia. "Ni hao wadudu wako." Kaka alipenda kumtambulisha kwa wageni. "Huyu mdogo wangu ni mkunga wa panya," alisema, na wageni wakacheka. Paka naye alicheka.

Kisha kaka akaotwa na uvimbe shingoni, halafu mwingine kwapani. Hospitali wakasema ni saratani ya matezi na wakamwanzishia matibabu. Paka alienda kumtazama wodini. Kwenye chuma cha kuning'inizia dripu aliuona mfuko mwekundu. Aliijua rangi ile kama anavyoijua mikono yake.

Daktari wa wodi alikuwa amemweleza kaka, kama inavyotakiwa, kwamba dawa ile huweza kuuchosha moyo, na kwamba watakuwa wanaupiga picha mara kwa mara. Neno hilo ndilo lililomwingia. Uvimbe aliweza kuugusa na kuona unapungua, lakini moyo ulikuwa ndani, haonekani anayeuharibu. Akaanza kulala na kiganja kifuani.

Siku moja kaka alikuja chumbani kwa Paka. Hakuwahi kufika pale. Nywele zilikuwa zimemtoka zote, na shati lilimning'inia. Alikaa kwenye kitanda kwa sababu kigoda kilikuwa kimoja.

"Mdogo wangu," akaanza. Paka akajua ana shida, maana siku nyingine alimwita wewe. "Nasikia nyinyi huko mna dawa ya majani. Inaukinga moyo na hii sumu wanayonitia."

"Kwa panya, kaka."

"Panya ana moyo, mimi nina moyo. Nisaidie."

"Nitamuuliza Daktari."

"Muulize kama ndugu yangu, si kama mfanyakazi. Mimi ndiye niliyekulea."

Paka alimuuliza Daktari kweli, na alimuuliza vizuri. Daktari aliacha kazi aliyokuwa akiifanya.

"Hapana," alisema. "Panya si mtu. Hatujui kipimo cha mtu, hatujui ini lake litasemaje. Na kuna jambo jingine. Hayo majani huenda yakaukinga moyo, na yakaukinga uvimbe vilevile. Dawa ikifika pale itakuta saratani nayo imevaa koti. Ukimpa utamuua, dada."

Paka akaenda moja kwa moja kwa kaka yake kumwambia haiwezekani. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Wifi akamfungulia mlango, akamkaribisha kwa sauti ya asali, akamwita mkombozi wao. Kisha akaingia jikoni na kurudi na chai. Chai ilikuwa kwenye kikombe cha plastiki chenye alama ya kuungua.

Hata siku hiyo.

Paka alikipokea, akanywa mpaka chini. Kaka alikuwa akimtazama mdomoni kama mtoto anayesubiri kugawiwa nyama.

"Daktari amekubali," Paka akasema. "Nitakuletea."

Alipika dawa hiyo kwenye jiko lake. Alichemsha majani ya chai mengi mpaka maji yakawa meusi, akatia maganda ya machungwa, akachemsha tena mpaka yakatoa uchungu wote. Akaunguza sukari kidogo, akaichanganya ili inate. Alipoonja aliona bado mtu anaweza kuimeza, kwa hiyo akaongeza chumvi. Vijiko kadhaa vilivyojaa. Akaonja tena, ulimi ukamsisimka. Akajaza chupa.

Alijiambia kwamba haina madhara, na kwamba ni afadhali hii kuliko ile ya kweli. Alichosema Daktari kilikuwa sahihi, na Paka alikifuata. Lakini hakuhitaji kuweka chumvi, na alilijua hilo wakati kijiko kikiwa mkononi.

"Unakunywa asubuhi, kabla hujala kitu," alimwambia kaka. "Usizibe pua. Ukitapika, unaanza upya. Halafu hii dawa haitaki kikombe cha watu wote. Inataka chombo chake." Akainuka, akaenda kabatini mwenyewe, akakitoa kile cha plastiki. "Hiki kitafaa."

Wifi alikitazama kikombe, kisha akamtazama Paka.

"Na usimgawie mtu. Ni yako peke yako. Ukiigawa inapoteza nguvu."

Sharti hilo la mwisho alilitoa kwa sababu kutoa masharti kulimnogea tu, na kaka mtu anaitikia kwa kichwa kila neno.

Kwa miezi yote ya matibabu, Paka alipita pale asubuhi kabla ya kazi, akaketi mbele ya kaka yake na kumtazama akinywa. Kaka alikunja uso, alitokwa na machozi, mara nyingine alirudisha yote kwenye beseni na kumtazama mdogo wake kwa aibu. "Anza upya, kaka," Paka alimwambia kwa sauti laini. Alikuwa akienda kazini akiwa mwepesi. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile, wala hakuona haya nayo.

Uvimbe uliisha. Picha ya mwisho ilionyesha moyo mzima. Madaktari walifurahi na kumwambia aendelee kuja kupimwa. Kaka aliwashukuru, akatoka nje na kuwaambia watu wote kwamba hospitali nusura wamuue, aliyemponya ni mdogo wake. Alisimama kazini kwao na kusema hivyo. Alisimama kwenye harusi ya watu na kusema hivyo. Sasa Paka akifika pale alikalishwa kwenye kiti cha kuegemea, akaletewa chai kwenye kikombe cha udongo chenye maua. Wifi aliifuta sahani mara mbili kabla ya kumpa.

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Ilikuwa rahisi, wangekasirika na kununa, basi. Lakini alikuwa amepewa kiti, na alikuwa amekaa vizuri. Kaka alimwomba chupa nyingine za akiba, za tahadhari, naye akazipika na kuzileta. Zilijaa mlango wa friji.

Wakati huo Kidoti alikuwa ameolewa mji mwingine na amejifungua mtoto wa kiume. Baada ya kujifungua pumzi ikawa fupi na miguu ikavimba. Hospitali ya huko ikamwambia moyo wake umechoka na uzazi, jambo ambalo huwapata baadhi ya wanawake. Wengi hupata nafuu wakifuata dawa. Wakampa vidonge vya kumfanya akojoe maji yaliyozidi mwilini, na vingine vya kuusaidia moyo. Wakamkataza chumvi. Alivifuata, na miguu ikaanza kunywea. Alimpigia shangazi yake simu na kumwambia ameweza kuvaa viatu vyake.

Paka alifurahi, akaondoka na Daktari kwenda vichakani mbali kuchuma majani, maana yale ya akiba yalikuwa yamekwisha. Huko simu haikushika. Walichuma, wakatandika kwenye mikeka kivulini, wakageuza, wakafunga magunia. Daktari alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alisema majani haya yakiendelea hivi, siku moja watu wataandikiwa hospitalini, labda wajukuu wao.

Huku nyuma kaka alikuwa ametuma gari kumleta binti yake nyumbani. Alikuwa na dawa ya moyo kwenye friji. Lile sharti la kutogawa lilimsumbua kidogo, akalijibu mwenyewe: damu yake na ya mwanawe ni moja, huko si kugawa. Na kwa kuwa aliogopa mdogo wake atakasirika, hakumsubiri arudi amuulize. Vidonge akavichukua na kuviweka juu ya kabati. "Dawa mbili zitagombana tumboni," alimwambia Kidoti. Kidoti alikuwa mtu mzima, lakini hakuwa na sababu ya kuishuku dawa ya shangazi.

Paka aliporudi alipita kwa kaka kumsalimia kabla ya kufika kwake, na vumbi la safari mwilini. Alimkuta Kidoti kwenye kochi, ameegemezwa mito mingi kwa sababu hawezi kulala chali. Uso ulikuwa umevimba mpaka ile alama juu ya mdomo ilikuwa imetanuka. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Mkononi alishika kikombe cha plastiki.

"Shangazi," akasema, na neno hilo moja likamgharimu pumzi mbili. "Ni chungu kweli. Lakini naimaliza yote."

Paka alikinyakua kikombe, kikamwagika kwenye magoti ya wote wawili.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka," kaka akajibu kutoka mlangoni. "Nimemwongezea kipimo. Yeye kazidiwa kuliko mimi. Unamwaga kwa nini?"

"Vidonge viko wapi?"

"Achana na vidonge. Mimi nilipona kwa nini?"

"Ulipona kwa hospitali, kaka. Hii siyo dawa. Ni majani ya chai, maganda ya machungwa na chumvi. Nimeipika mwenyewe. Amekatazwa chumvi, na mnamnywesha chumvi kila siku. Mwingizeni ndani ya gari."

Wifi alikuwa ameshika mtoto wa Kidoti. Aliangalia kikombe sakafuni, akamwangalia Paka, na Paka akaona kwamba yeye ameamini papo hapo, mwanzo hadi mwisho, hata sababu ameijua.

Kaka hakuamini. "Unamwonea wivu mwanangu," alisema. "Dawa imebaki kidogo, unataka kuninyima."

"Kaka, nilikudanganya. Nilitaka uteseke."

"Huwezi kunifanyia hivyo. Mimi ndiye niliyekulea."

Kidoti ndiye aliyecheka. Alicheka kidogo, kifua kikakoroma. "Shangazi," alisema, "baba alikunywa maji ya chumvi miezi yote hiyo?" Akataka kusema zaidi, akakosa pumzi, wakambeba.

Hospitali walijitahidi. Walimtoa maji kwa sindano, wakamvalisha barakoa ya hewa usoni. Mganga wa zamu aliuliza kwa nini aliacha vidonge. Paka alikaa upande wa miguu, akiisugua, akibonyeza na kuona kidole kinavyoacha shimo. Alikuwa ameshika mioyo mingi, anajua umbo la moyo uliochoka. Hakuhitaji kuonyeshwa picha. Kidoti alikufa siku ya pili, mumewe akiwa bado njiani.

Msibani kaka aliwaambia watu kwamba binti aliianza dawa akiwa amechelewa. Aliwaambia hayo huku akilia kweli kweli, na watu wakamshika mabega. Wifi alimpita Paka kama anavyopita kiti. Hakumtukana wala hakumsema kwa mtu. Siku ya kutawanyika tu, wanawake wakiwa wanaosha vyombo, alimletea kikombe kile cha plastiki na kukiweka mapajani mwake, akarudi kuosha vyombo.

Paka alirudi kazini. Majani mapya yalisagwa na kulowekwa, panya wapya wakaingizwa. Daktari alimpa pole, akamwambia kwamba matokeo ni mazuri. Aliendelea kuwashika panya kwa ngozi ya shingo, na mkono wake haukutetemeka. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kama ungetetemeka.

Baada ya muda kaka alifika kwenye lango la nyumba ya wanyama. Alikuwa na mzee mmoja, mlinzi mstaafu, miguu imevimba ndani ya kandambili.

"Huyu ni rafiki yangu," kaka akasema. "Moyo wake hauko sawa. Mtengenezee ile."

Paka akamgeukia yule mzee. "Baba, hakuna dawa. Nilimdanganya kaka yangu. Ni chai na chumvi, na chumvi hiyo imemuua binti yake. Rudi hospitali."

Mzee akamtazama kaka. Kaka akatabasamu kwa uchovu, kama mtu anayemjua nduguye. "Si nilikwambia atakataa? Wenye dawa ya kweli ndivyo walivyo. Na mimi je, nimesimama hapa mzima kwa nini?"

Mzee akashika wavu wa lango kwa mikono miwili. "Mwanangu, nakuomba," alisema. Paka akafunga mlango wa ndani. Alimsikia akiomba mpaka sauti ikaisha.

Wiki chache baadaye aliambiwa na jirani kwamba kaka yake sasa anapika mwenyewe. Hakuhitaji tena kumwomba mtu. Majani ya chai, maganda ya machungwa, sukari ya kuunguza, chumvi: yote alikuwa ameambiwa na Paka mwenyewe au ameyaonja, na kipimo alikikadiria kwa ulimi, maana aliujua ule mwonjo kuliko mtu yeyote. Aligawa bure. Hilo lilimpa sifa zaidi.

Paka alikwenda kwake, akakuta mlango umefungwa na watu wamekaa barazani. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa kwamba chai si kosa. Mwisho akaomba ruhusa kazini siku za kliniki ya moyo, akawa anakaa kwenye benchi la hospitali pamoja na wagonjwa, akiwaeleza mmoja mmoja. Aliwaambia kila kitu, kuanzia kikombe. Aliwaambia wasiache vidonge vyao, na wakisikia habari za mtu anayegawa dawa nyeusi ya moyo wasimfuate.

Wengi walimsikiliza kwa adabu. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga na viatu vilivyokatwa nyuma ili miguu iingie, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, na kumuuliza nyumba ya huyo kaka iko upande gani.